Mzee wa Ndege za Mabomu

Yaya Anjelani, mkubwa wangu,

Mimi mzima, baridi tu ya Birmingham inanipiga. Jana nikimlisha uji mzee Mwingereza ninayemtunza hapa mtaa wa Erdington, ndege ilipita chini sana. Nikajikuta chini ya meza.

"Kwenu waliangusha mabomu?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

Akasimulia kwamba kikosi chake cha ndege kiliangusha mabomu muda wote wa vita vya dunia. Vita vilipoisha, kikawaangushia wenye njaa magunia ya unga, kisha miaka ya amani kikafanya mazoezi tu hadi kikavunjwa.

"Waliokuwa chini sikuwahi kuwaona," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza."

Nikaenda kumpashia moto uji.

Tangu jana moyo hautulii. Huko nyumbani Kalemie ndege bado zinapita? Mama anajificha wapi? Niandikie upesi. Mungu awafunike.

Mdogo wako,
Riziki