Mshale Mpaka Mwisho

8 Februari

Binti yangu,

Natumai u mzima kabisa. Mimi pia, isipokuwa goti la kushoto, limestaafu bila kuniaga. Unakula, au unalamba gundi?

Nimeelewa. Ubao wa kutelezea mawimbini ndio mtihani wako. Ukitoka vizuri mwenye karakana anakuajiri, na mashine ya kunyonya hewa, ya kugandamiza kitambaa chenye gundi juu ya ubao, huna. Miaka arobaini natengeneza mafriji, mama, hapo umefika penyewe!

Chukua kompresa la friji bovu, ligeuze livute. Mfuko wa kuufunikia ubao uwe nailoni iliyofunika godoro jipya, kingo uzibe kwa gundi laini ya vioo vya magari. Juu ya kitambaa kilicholowa gundi tandika mifuko ya mkate uliyoitoboa kwa sindano, isinate. Kisha blanketi kuukuu, hewa ipate njia. Vuta mpaka mshale wa geji ya kupima mvuto ugonge mwisho, uache hadi kesho yake. Usiwe mwoga kama mama yako.

Baba yako, bingwa


26 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo. Pole na goti.

Nailoni ilishika, mifuko ya mkate ikabanduka vizuri, nikakusifu kwa sauti hadi jirani akadhani nina mgeni. Lakini ubao umebonyea katikati kama godoro la gesti, tena umejipinda. Mshale ulipokaribia mwisho nilisita, mkono uko kwenye swichi. Nikasema, Baba anajua. Jumatatu naupeleka hivyo hivyo. Nimekosea wapi?

Mwanao


9 Machi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, goti linakushukuru.

Kosa ni nailoni. Godoro gani hilo, la kitanda cha mwanasesere? Mwambie huyo mwenye karakana aje nimfundishe kazi.

Baba yako


20 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza kweli, maana barua yangu ya Machi hukuijibu.

Nilikwenda kwa fundi wa boti za faiba kumtambia ujuzi wangu. Akaniuliza, "Mzee, ndani ya huo ubao kuna nini?"

Nikamwambia, "Si mbao?"

Alicheka mpaka akaweka brashi chini. "Ni povu, mzee! Kama la boksi za samaki. Ukivuta hivyo unaliponda. Ungevuta kidogo tu."

Bomba la friji ni chuma, unalinyonya hewa yote na halitingishiki. Hilo tu ndilo nililolijua. Nailoni haikuwa na kosa. Nilipoisoma barua yako nilihisi kosa ni langu, nikaisingizia hiyo nailoni.

Miaka mitatu ulitengeneza mbao hizo uani kwangu, mimi nikizitumia kupigia pasi suruali, na sikuwahi kukuuliza zina nini ndani. Nakuuliza leo.

Baba yako


2 Julai

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Nafasi alipewa mwingine. Niko kwa dobi mkubwa, nakunja mashuka ya hoteli tangu asubuhi hadi jioni. Vifaa vyangu nimevigawa.

Ndani kuna povu jeupe la punjepunje, jepesi hata hulisikii mkononi. Ukilibonyeza kwa kidole, alama inabaki. Nililikata kwa waya wa moto, na katikati nikapitisha ukanda mwembamba wa mbao, ubao usivunjike.

Siku nilipokata la kwanza, pale uani, nilikuita uje uone. Ukasema una friji la watu. Nikakaa nimelishika kidogo, halafu nikaendelea.

Mwanao