Sitoki Langoni

Jumapili, 13 Juni 1999

Nguo nyeupe mbili. Moja nimeifua, moja nimeivaa. Kesho nitabadilisha. Ndiyo eda, na bado mpaka Septemba. Hakuna udi, hakuna mafuta mazuri ya nywele, hakuna kutoka hata kwenda dukani kununua chumvi. Hilo silalamikii. Abdalla alikuwa mume wangu miaka kumi na tisa, nitamkalia eda yake yote bila kupunguza siku. Ninachochoka nacho ni kulindwa. Wifi Rukia, dada yake mkubwa, amehama Likoni kuja kukaa nami hapa Mtopanga. Kuniondolea upweke, ati. Nikikohoa anakuja mlangoni.

Leo mdogo wangu Swaleh amekuja kutoka Kiembeni na kompyuta yake ya zamani. Ameiweka mezani chumbani kwangu, akaunganisha kisanduku cha modemu na waya wa simu. Gharama yake juu yake, nisiulize. Anataka niingie kwenye mchezo wake. Hauna picha hata moja. Ni maandishi tu. Watu wa nchi mbalimbali huingia kwa simu, kila mmoja na mtu wake wa kubuni: mwindaji, mganga, mwizi. Kuna mji wenye ukuta na lango, na pori nje lililojaa majoka. Unaandika unachotaka kufanya, mchezo unakujibu.

Miaka kumi na saba nilipiga teleksi kwenye ofisi ya mizigo Changamwe, mpaka mashine ikatupwa, nami nikatupwa nayo. Kuandikiana na watu nisiowaona ndiyo kazi niliyoijua. Swaleh analijua hilo. Mjanja.

Nimemwambia nitafikiri.

Jumatano, 16 Juni

Nimeamua hapana.

Nina miaka arubaini na sita. Mchezo wenyewe ni mzee. Swaleh aliuanza akisoma ng'ambo, na wenzake wote sasa wana vyeo, wana majumba, wana maadui wa miaka mingi. Wengine wameshaanza kuhamia michezo mipya yenye picha. Kuingia leo ni sawa na kufika harusini watu wanakunja majamvi. Halafu kuna eda. Humo mna wanaume. Sijui kama maandishi ni sauti. Nikiuliza nitajibiwa na wasiojua, tena kwa ukali.

Nimefunika kompyuta kwa kitambaa cha meza.

Jumamosi, 19 Juni

Wamekuja jamaa za Abdalla kutoka Magongo. Wamenitazama uso. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba nimenenepa. Nimenenepa, ndiyo. Ninakaa na ninakula. Walitaka wanikute mifupa?

Kisha wakaanza kuzungumza nitakaa wapi eda ikiisha. Kumbe wameshaamua. Likoni, kwa Wifi Rukia, chumba cha uani. Kimepakwa chokaa. Sikuzaa na Abdalla, kwa hiyo hakuna mtoto wa kunisemea, na mimi mwenyewe nilikuwa pale pale nimeshika sinia la kahawa. Hakuna aliyenigeukia.

Sitaki Likoni. Nataka nyumba hii. Ninashona, kodi nitaiweza. Nimebana meno mpaka taya zinauma.

Kitambaa nimekitoa.

Jumatatu, 28 Juni

Nimeingia.

Nilisitasita siku tisa. Leo Wifi alikwenda kwa jirani, nikawasha. Modemu ikalia kama paka aliyekanyagwa, kisha maandishi yakaja. Kiingereza chao nakielewa. Ni kile kile cha teleksi, kimeongezwa majoka.

Mchezo uliniuliza: tukuite nani? Mimi siwezi kuanza na mtu kabla sijamsalimu. Nikaandika salamu kwanza. Mchezo ukaichukua kuwa ndilo jina. Sasa humo naitwa Assalaam na halibadilishiki. Swaleh alipigiwa simu akacheka mpaka akakohoa. Acheke.

Nimewekwa kwenye nyumba ya wageni iliyo ndani ya lango la mji. Kuna moto, benchi, na dirisha. Nilikaa.

Ijumaa, 2 Julai

Kuna mmoja anajiita Korongo. Kapteni wa lango, miaka tisa humo. Kazi yake kuwapokea wageni na kuwatoa nje wakaue panya wa porini, wapate alama na nguvu. Bila kutoka huendelei. Aliniandikia amri fupi fupi. Simama. Chukua rungu. Nenda kaskazini.

Nilimuuliza kwanza hali yake, na watu wa nyumbani kwake. Akajibu mama yake anaumwa mguu. Tukazungumza juu ya mguu. Kisha akarudia: nenda kaskazini.

Nikamwambia sitoki. Nimefiwa na mume, niko eda, mwanamke wa eda hatoki nje. Kama siruhusiwi lango la Mtopanga, kwa nini nijiruhusu hili lingine? Nimeingia mchezoni na mimi mzima, na eda yangu. Hakuna atakayeniambia nimeivunja, na hakuna atakayeniambia nisikae hapa benchini.

Najua si mantiki kamili. Ni yangu.

Alhamisi, 15 Julai

Nimekasirika.

Nilidhani wananiheshimu. Wanakuja nyumba ya wageni, wananisalimu kwa adabu, wanauliza habari za marehemu. Leo Korongo kaniandikia kwamba wote wananisifu: hawajaona mtu anayemwigiza mjane vizuri hivi. Nguo nyeupe, kukataa kutoka, kila kitu. Wanadhani nimetunga. Kwao huo ndio ufundi wenyewe, mtu kushika aliyembuni bila kumwachia.

Nikampigia maneno haraka mpaka meza ikatikisika. Kwamba hakuna nilichotunga. Kwamba Abdalla alianguka asubuhi moja ya Mei, sabuni ikiwa bado usoni. Kwamba hizi nguo nimezifua leo.

Nikazima.

Jumanne, 27 Julai

Korongo ameomba radhi, kwa urefu. Nimempokea. Sasa wanakuja wengi, hata wa vyeo vya juu, wanakaa karibu na moto hawasemi kitu. Wapya wakifika wanaambiwa wanisalimie kwanza.

Lakini Wifi Rukia amejua. Aliingia na chai akanikuta naandika. Anasoma Kiingereza kidogo, kinachomtosha kuona majina.

"Kaburi la ndu yangu halijakauka," akasema, "na wewe waandikiana na wanaume?"

Nikamwambia wengine ni wanaume, wengine siwajui ni nini, mmoja ni joka. Halikumchekesha. Sikuficha kitu. Nilimsomea neno kwa neno, mguu wa mama yake Korongo na yote. Akasema hata kama. Akachukua kufuli dogo la sanduku lake la nguo, akalitia kwenye gurudumu la simu ili lisizunguke. Ufunguo akaufunga kwenye pembe ya leso.

Mimi mtu mzima. Nimefungiwa simu kwenye nyumba niliyoishi miaka kumi na tisa.

Jumatano, 28 Julai

Modemu haitumii gurudumu. Inapiga yenyewe, kutoka ukutani. Kufuli la Wifi halizuii kitu.

Ningeweza kunyamaza. Nilikaa na raha hiyo asubuhi nzima, peke yangu, kama mwizi. Haikunipendeza. Adhuhuri nikamwita nikamwonyesha mlio unavyokuja na kufuli liko pale pale. Nikamwambia: wifi, nitaendelea, na nitaendelea ukiwa unajua. Asiyetaka aulize mwenye elimu.

Akasema atauliza. Nikasema aulize, lakini aeleze ukweli wote, asikate.

Ijumaa, 13 Agosti

Ameuliza. Maalimu anayesomesha watoto mtaa wa nyuma alikuja akakaa barazani, mimi ndani ya pazia. Aliuliza kama natoka nyumbani. Sitoki. Kama ninajipamba. Sijipambi. Kama kuna anayeniposa humo. Hapana, na joka limeoa. Akasema kuzungumza ovyo na wanaume si vizuri, nijichunge. Kuhusu hiyo mashine, hajawahi kuiona, na hawezi kutoa hukumu juu ya kitu asichokijua. Akaaga.

Wifi kasikia amekataza. Mimi nimesikia hakukataza. Hatujasemeshana tangu magharibi. Wali umeliwa kimya.

Kabla ya kulala aliniambia kitu kimoja tu: kitanda cha Likoni kimeshapelekwa kwa seremala, kinatiwa mguu mpya.

Jumapili, 29 Agosti

Wenye mchezo wametoa tangazo. Wachezaji wanapungua, mashine yao imelemewa. Jina lolote ambalo halijapata hata alama moja litafutwa mwisho wa mwezi. Langu limo. Siku mbili zimebaki, na eda yangu inaisha tarehe saba.

Wote wakanijia. Toka kidogo tu. Hatua moja, panya mmoja, urudi. Nani atajua? Nikawajibu nitajua mimi. Wanifute. Nilikuja nimechelewa, nitaondoka mapema, si msiba mkubwa kuliko nilio nao. Niliandika hivyo na niliumia. Nimelizoea lile benchi. Ni mahali pekee ambapo mtu akitaka nifanye kitu anakuja kunibembeleza.

Korongo akapotea. Akarudi baada ya muda, kamshika panya wa porini mkiani, mzima, akamwachia katikati ya nyumba ya wageni. Akaandika: Assalaam, ndani ya nyumba yako kuna panya.

Panya wa ndani nimeua wengi, eda au si eda. Nilichukua rungu. Nilimkosa mara nne. Watu wazima wa vyeo vikubwa wamepanda juu ya mabenchi wakinishangilia. Mara ya tano nikampata.

Alama moja. Jina langu halifutwi.

Jumanne, 7 Septemba

Nimetoka eda. Nimeoga, nimevaa rangi, udi umefukizwa. Nyumba ilijaa watu tangu asubuhi, dua ikasomwa, wakala, wakaondoka. Wale wa Magongo wakaniaga wakisema tutaonana Likoni.

Walipokwisha kwenda Wifi akatoa begi langu chini ya kitanda.

"Wifi, siendi," nikamwambia.

Akauliza watu watasema nini. Nikamwambia watasema niko kwangu. Akasema mwanamke peke yake, Mtopanga hii. Nikasema nimesikia. Akasema Abdalla angetaka hivyo. Hapo nikasimama. Nikamwambia Abdalla alinijua, na hakuwahi hata siku moja kunipangia pa kukaa bila kunisemesha. Siendi leo, siendi kesho, na begi lirudi mahali pake.

Akakaa kitandani akalia. Nilidhani ni hasira. Akasema chumba kile alikipaka chokaa kwa mikono yake, akiwa na homa, hata matanga hayajaisha. Hana mtoto nyumbani, waume wawili wamekufa, na sasa ndugu yake. Miezi hii minne ndiyo mara ya kwanza baada ya miaka kula chakula na mtu.

Sikujua. Nilimwonea huruma sana, nikamshika, tukalia wote. Bado siendi. Nimemwambia aje Alhamisi ya kila wiki, alale hapa, na mimi nitavuka kwa feri kumwona. Begi alilirudisha mwenyewe.

Jumatano, 8 Septemba

Nimemsindikiza Wifi mpaka kituoni. Amepanda. Nimerudi kwa miguu kwa njia ndefu, nikanunua chumvi na sindano za cherehani. Jua kali. Muuza duka kanisalimu kama nilikuwa safarini.

Nyumba kimya.

Alasiri nikaingia mchezoni. Hakukuwa na mtu langoni. Kwa Korongo na wenzake kulikuwa bado hakujapambazuka, nami sikuwaambia saa kwa makusudi. Nikaandika: simama. Nikaandika: kaskazini. Lango likafunguka.

Hatua ya kwanza, nyasi. Ya pili, mbwamwitu. Nikamsalimu. Akaniua.

Nilicheka kwa sauti, peke yangu, mpaka nikashika meza. Tangu Mei sijacheka hivyo. Kisha nikaona maandishi yaliyokuwa yakinisubiri: umekufa, unataka kurudi?

Swali hilo Abdalla hakuulizwa na mtu. Angeulizwa, najua angejibu nini, sabuni usoni na yote.

Nikajifuta macho kwa leso, nikaandika ndiyo.