Papa asilale tena chini sababu ya tumbo

Christella na Fiston,

Mukitoka kwa tantine yenu Ngezi, mbele ya kitu yote murudishe viti. Vile vya bluu ni vya Mama Scholastique, vya mbao ni vya watu wa kwaya. Mushukuru, museme Papa iko muzima.

Asubui nilikuwa inje napika. Baba yenu akajilaza chini ku salon, eti anafanya abdominaux, kujiinua-inua ya kupunguza tumbo, kama yule kijana wa mu telefone, sababu koti yake, ile veste ya siku watatoa dot, mahari yako, Christella, imekataa kufunga. Mugongo ikamukamata palepale. Akabaki macho amefunga, hapana kutikisika. Mama Scholastique akaingia kuomba chumvi, akamuona, akapiga kilio eti Papa amekufa. Munajua mutaa yetu! Watu wakakuja na viti, na kuni, kwaya ikaanza kuimba. Ndio akafungua jicho moja, akauliza kama tumbo imepungua.

Munganga wa mugongo alishamuambia wazi: kujiinua-inua hapana. Alale ku kitanda, akunje magoti, avute tumbo ndani polepole, kisha atembee kwa miguu. Hasikii.

Muchana ~~asikule kitu~~ mumupatie sombe ya majani ya muhogo, mafuta kidogo. Mimi niko Mudzipela kwa fundi, aipanue ile veste.

Na musimuambie: mbele afungue ile jicho, nilikuwa nimekaa chini pembeni yake, naomba Mungu aniachie huyu mutu na tumbo yake yote.

Mama yenu