Tofauti ya Miaka Saba

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama, ambaye goti limepunguza kuuma ila mdomo uko palepale. Natumai chuo hakijakukondesha. Sisi tunapumua, na kinyozi kaka yako bado yuko kwenye kibanda chake cha viti viwili.

Barua yako ina wiki tatu hapa. Umeomba nikusajili kwenye mtihani wa kuingia kazini serikalini, kwa kuwa cheti chako cha kuzaliwa ninacho mimi. Nimechelewa kujibu kwa sababu kichwa changu kimevurugika, na zilizokivuruga ni hesabu za mtihani wenyewe.

Ndiyo, nami nimezisoma. Mwalimu mstaafu, yule mteja tunayemwita Kokotoa, alikuwa akija kila mchana na kitabu cha mafumbo. Siku ya kwanza akauliza: ikiwa vinyozi wawili wananyoa vichwa vinne kwa saa, watano watanyoa vingapi kwa saa tatu? Nikamjibu kumi na viwili, maana viti ni viwili, hao watatu wengine watafanyia kazi wapi? Wateja wote wakaniunga mkono, mmoja povu bado kidevuni. Kokotoa akasema jibu ni thelathini, na mtihani haujui viti vyangu. Nikakubali shingo upande. Kesho yake akaleta tangi lenye bomba la kujaza na bomba la kutoa maji, yote wazi kwa pamoja. Nilipouliza kwa nini wasilifunge la chini, aliondoka bila kunyolewa.

Lakini lililonimaliza ni la umri. Aliuliza: kaka amemzidi mdogo wake miaka saba, je, baada ya miaka kumi atakuwa amemzidi mingapi? Nikajibu sifuri. Akasema tofauti ya umri haibadiliki, mtu huenda nayo kaburini. Nilijifanya natafuta kitana.

Mdogo wangu, nilijibu sifuri kwa sababu kwenye karatasi mimi na wewe ni umri mmoja. Mwisho wa kujisajili ni miaka ishirini na minane, nami nina thelathini na mitatu. Nilichukua cheti chako nikajisajili kwa jina lako. Sura zetu unajua zinavyofanana, hakuna aliyeuliza. Nilijiambia wewe una muda, wakati najua fika kwamba jina moja hufanya mtihani huo mara moja tu. Barua yako ilinikuta nimeshaufanya.

Matokeo yametoka juzi. Jina lako ni la nane. Nilimkumbatia mteja kwa furaha, halafu nikafunga kibanda nikalia, na sijui nilikuwa nalia furaha au wizi. Nimefaulu mimi au wewe? Nikienda kazini naiba maisha yako. Ukienda wewe, nimekufanya mwongo kama mimi.

Jumatatu naenda ofisini kwao kusema kweli. Nitaomba adhabu iwe yangu na nafasi yako wakurudishie. Wakikataa, sina uso wa kukuonyesha. Nisamehe, nimekukosea sana.

Mama aliliona jina lako ubaoni na anadhani ulifanya kimyakimya ili umshtukize. Ameshatangazia majirani. Jana amekununulia shati jeupe la kazi, akanitaka nilijaribu aone urefu. Halikunienea, akacheka, akalikunja vizuri, anakungoja wewe ulivae.

Wasalimie wenzako wa chumbani.

Ni mimi,
kaka yako.