Picha ya Mgongo wa Jotham

Bungoma, 9 Agosti 1951

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba kwa haraka, kwa sababu jambo linalonisumbua limeletwa kwangu na mhariri wako mwenyewe, Bwana Mathenge, naye anataka jibu kabla gazeti la Alhamisi ya tarehe 23 halijapigwa chapa, na mimi sina mtu wa kumwuliza, maana mke wangu Lenah alifariki miaka sita iliyopita na mwanangu wa pekee, Jotham, ndiye habari yenyewe.

Nilizaliwa mahali ambapo leo ni shamba la mahindi la Mzungu, maili nne kutoka stesheni ya Kitale, tukaondolewa humo mwaka wa 1921, nikarudi baadaye kuwa skwota mwenye kipande cha kulima na karani wa stoo katika ardhi ile ile, nikaondolewa tena mifugo ya maskwota ilipopunguzwa, na sasa nakaa chumba kimoja nyuma ya duka hapa Bungoma, nasoma kila gazeti linalonifikia hata likiwa la mwezi uliopita. Jotham alibaki kule akikamua ng'ombe wa Mzungu. Asubuhi moja mwezi wa Mei maksai wa Jotham alivunja ua akaingia katika mahindi ya shamba jirani, naye akaingia kumfuata, na mlinzi wa shamba hilo akampiga risasi. Mbele ya hakimu mlinzi alisema kwamba Jotham alimjia uso kwa uso ameinua panga, akaaminiwa, na nilipotaka kusema niliambiwa niketi kwa kuwa sikuwako. Ni kweli sikuwako. Lakini mimi ndiye niliyemwosha mwanangu, na najua risasi iliingia wapi. Iliingia mgongoni, chini ya bega la kushoto, kwa tundu dogo kuliko lile la katikati ya sarafu ya senti kumi.

Siku ile ya kumwosha nilikuwa na kijana anayeitwa Gicheru, ambaye hufanya kazi kwa mpiga picha mmoja wa Kitale na ana kamera yake ndogo, nikamwomba apige, tukamlaza Jotham kifudifudi karibu na mlango penye mwanga, akapiga mara moja tu. Aliogopa kuisafisha picha dukani kwa tajiri wake, basi ilichelewa, ikanifikia wiki tatu baada ya hakimu kufunga faili. Hiyo ndiyo picha pekee ya mwanangu iliyopo duniani. Hakuwahi kupigwa nyingine, hata ya harusi, kwa sababu mvua ilinyesha siku ya harusi yake na mpiga picha hakufika.

Bwana Mathenge alisikia habari hii akapanda gari moshi akaja mpaka hapa kwangu, akakaa karibu saa tatu, na nakiri kwamba ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga mtu kukalia kiti changu cha pili. Aliitazama picha, kisha akasema, "Mzee, maneno watayakana. Tundu hawawezi kulikana." Anataka kuitia ukurasa wa kwanza, kubwa, na mimi nusu yangu imekubali, kwa sababu nimesoma magazeti miaka thelathini na nimeona jinsi mtu wetu akipigwa risasi anavyopewa mstari mmoja chini ya bei ya mahindi, bila jina.

Nusu nyingine inakataa, na sababu yake naona haya kuisema. Wakati wa vita, nilipokuwa skwota, nilibandika magazeti ukutani kama tulivyofanya sote ili udongo usitudondokee chakulani, na juu ya meza palikuwa na picha ya askari aliyekufa, sijui wa nchi gani, amelala kwenye mtaro mdomo wazi. Nilikula ugali chini yake miaka minne, wageni wakija tunamtania, tunasema huyu naye amechoka kungoja mboga. Sikuwaza hata siku moja kwamba ana baba. Sasa nawaza kuta zote kuanzia Kitale mpaka Malakisi.

Basi nikaona nimwulize mke wa mwanangu, ambaye jina lake silitaji, kama inavyonipasa, naye anakaa karibu na misheni ya Lugulu na watoto watatu. Wewe unajua kwetu baba mkwe haketi na mke wa mwanawe wakazungumza juu ya mwili wa mtu usio na nguo, achilia mbali kumpa picha yake mkononi. Njia ilikuwa ni dada yangu, shangazi yake Jotham, aliye Lwakhakha, lakini nilikuwa na haraka ya mhariri, nikaenda peke yangu, nikaketi nje, na kwa kuchunga heshima hiyo hiyo nikamwita mjukuu wangu mkubwa, msichana wa miaka tisa, nikampa bahasha ampelekee mama yake jikoni. Sikuifunga. Hakufika hata mlangoni. Alisimama uani akaitazama, akaigeuza akatazama nyuma yake, akaigeuza tena, akarudi kwangu, babu yake, akasema, "Kuka, si umgeuze baba nimwone uso." Alidhani naweza.

Mama yake akatoka. Akaichukua picha mkononi mwa mtoto, akairudisha katika bahasha, akaiweka juu ya kigoda ili asinipe mkono kwa mkono, akasema, "Baba, ukija tena, usije na huyo." Tangu siku hiyo watoto, ambao walikuwa wakiletwa kwangu kila Jumamosi, hawajaletwa tena. Picha ninayo. Nikishakunywa chai huitoa nikaiweka mezani nikaiambia habari za siku, mvua imenyesha au haikunyesha, nani amepita dukani. Mshauri, nimruhusu Bwana Mathenge aitoe, au nimkatalie na uongo wa mlinzi ubaki kuwa ndio ukweli? Waweza kutumia jina langu na la Jotham. Hayo mawili ni yangu kutoa.

Absalom Nakhungu

*

Mzee Absalom,

Pole. Pole kwa Jotham, na pole kwa kumwosha mwenyewe, kazi ambayo mwana ndiye angemfanyia baba. Nimeisoma barua yako mara tatu, nikampelekea Bwana Mathenge aisome mezani kwake mbele yangu. Nitakueleza alichosema, lakini kwanza nina maneno na wewe.

Ulijua njia. Umeiandika mwenyewe: dada yako, Lwakhakha. Ukaiacha kwa sababu gazeti lina haraka, kisha ukabeba heshima nusu nusu, ukamwepusha mke wa mwanao na aibu kwa kumtwika mtoto wa miaka tisa. Heshima gani hiyo? Mtoto hakukosa. Mama yake hakukosa. Wewe umekosa, na itabidi useme hivyo kwa kinywa chako, hata kama baba mkwe wa kwenu hana mazoea ya kusema hivyo.

La pili litauma. Umeniuliza juu ya ukweli na uongo wa mlinzi, na hilo ni swali la haki. Lakini ndani ya barua yako kuna kiti cha pili, kuna chai, kuna Jumamosi bila watoto. Nahisi kwamba unataka picha itoke ili watu waje. Nao watakuja, Mzee, kwa wiki moja. Watakupa mkono, watataka kuiona ile yenyewe, wataondoka. Ukiwa na upweke, usimtume maiti akakuitie wageni.

Sasa picha. Mimi si miongoni mwa wanaosema kwamba picha ya namna hiyo isichapwe kamwe. Kama kungekuwa hakuna njia nyingine ya kumfanya hakimu afungue faili, na kama mjane angesema ndiyo, ningesimama na mhariri. Kuna vifo ambavyo vimefichwa kwa sababu watu wastaarabu hawakutaka kuviona wakati wa chai. Ila njia nyingine ipo na hujaijaribu. Picha hiyo ni ushahidi kabla ya kuwa kitu cha kutazamwa, na ushahidi hupelekwa kwa watu wanaoweza kufanya jambo juu yake. Anayenunua gazeti kwa sababu ya bei ya mahindi hawezi. Anaweza kusikitika tu, halafu abandike ukuta, kama ulivyobandika wewe.

Nilimwambia Mathenge hayo. Alibisha sana. Alisema mimi sijui watu, ati watu hawaamini mpaka waone. Nikamwuliza, wewe uliamini lini, ulipoona picha au Mzee alipokusimulia? Akasema aliamini alipokuwa bado kwenye gari moshi. Basi tumekubaliana hivi: picha haitoki Alhamisi, na haitatoka siku yoyote bila ya neno la mjane, si lako peke yako. Wewe umetoa majina mawili yaliyo yako, na umefanya vyema. Mgongo ule ni wake pia.

Fanya haya. Andika kwa kalamu mambo uliyoyaona ulipokuwa ukimwosha Jotham, yote, mpaka upande wa bega, na Gicheru atie sahihi kama atathubutu, akiogopa usimlazimishe. Chukua maandishi hayo, picha na filamu yake, uende Kitale kwa wakili. Mathenge atakupa jina la mmoja anayesikiliza watu wetu, naye amwombe hakimu kulifungua tena faili. Vyote vitatu uviache kwa wakili, upewe stakabadhi. Ndiyo, picha nayo. Ukirudi nyumbani meza itakuwa tupu, najua, na jioni ya kwanza itakuwa mbaya. Kunywa chai yako hata hivyo.

Kisha mpelekee dada yako neno. Yeye atangulie kuingia Lugulu, yeye aseme na mjane, aseme umekosa, na kwamba unaomba kuja. Ukiruhusiwa, nenda mikono mitupu. Yule msichana anataka uso. Kamera haikuwako, wewe ulikuwako miaka yote ya mwanao. Mweleze macho yalivyokuwa, alicheka vipi, alifanana na nani alipokasirika. Usimfiche jinsi alivyokufa akiuliza, ila ngoja aulize.

Na uongo wa mlinzi? Umeuandikia barua, nasi tumeichapa yote. Wanaosoma gazeti hili, na wengi zaidi wanaosomewa, sasa wanajua kwamba Jotham Nakhungu alifuata maksai wake na risasi ikamwingia mgongoni, na hakuna mtoto wao aliyeonyeshwa kitu. Nakala ya jibu hili nimekutumia kwa posta siku tisa mbele ya wasomaji wengine. Gazeti lenyewe litafika Lugulu Alhamisi kwa gari la mchana, na mtu atalisoma kwa sauti barazani. Wewe na dada yako muwe mmefika asubuhi, ili mjane asiyasikie kwanza barazani.

Mshauri wako