Nimeshawashonea Akina Mama Sare za Kitabu cha Mwanangu

Bi Yumna mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaninunia, maana nina furaha na hofu kwa wakati mmoja na sijui nianze na lipi. Mimi ni muuguzi hapa Cedar Hill, Mmeru, mjane, na binti yangu wa pekee, Kanana, anaishi Houston na ni mwandishi, tena si wa kubahatisha, ameandika kwa Kiingereza hadithi moja ndefu ya nchi ya kubuni yenye malkia na mito inayosema, imetoka kitabu baada ya kitabu, na sasa cha nne ambacho ndicho cha mwisho kinazinduliwa Jumamosi ijayo katika ukumbi mdogo mtaa wa Gulfton hukohuko Houston, nami kwa fahari ya mama nikatangaza kanisani, akina mama wa ushirika wetu wakasema hatuwezi kwenda kila mtu na nguo yake, tukachagua kitenge cha buluu kama jalada la kitabu, sare zimeshonwa, vani ya kanisa tumeshaiomba, na kazi ya kupika chapati imegawanywa.

Kosa langu ni kwamba nilitangaza kabla sijasoma hicho cha mwisho. Mashujaa wake ni wanawake wawili, Ruvani ambaye ni askari, na Teliya ambaye ni mganga, na huyo Ruvani alichomewa nyumba na maadui akiwa mtoto, na tangu hapo hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa. Bi Yumna, mwaka ule wa vurugu za uchaguzi kule Kenya nyumba yetu ilichomwa tukiwa ndani, mlango umefungwa kwa nje, baba yake Kanana akavunja dirisha akatutoa na yeye hakutoka, na mwanangu alilala mlango wazi mpaka akamaliza chuo, na nyumbani hatukuwahi kulitaja jambo hilo hata siku moja, kwa hiyo vile vitatu vya kwanza nilivisoma nikijua ninasoma nini. Kuhusu Ruvani na Teliya nilijiambia ni marafiki wa kufa na kuzikana.

Cha nne nimekimaliza juzi mchana nikiwa ndani ya gari, nje ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Malkia anamletea Ruvani dawa ya kusahau yote, naye anaikataa, anasema akiusahau moto atamsahau na aliyemtoa motoni, na hapo nililia mpaka mwenzangu wa kazi akagonga kioo akidhani nimepigiwa simu ya msiba kutoka Kenya. Tena haponi kwa muujiza, anapona kidogokidogo, leo mbele kesho nyuma, kama wagonjwa wetu wanavyopona, hadi asubuhi moja anaamka na kugundua kwamba mlango ulikuwa umefungwa na yeye alilala. Sijawahi kusoma mwisho ulionishibisha namna hiyo, na aliyeuandika nimemzaa mimi. Lakini aliyelala pembeni ya Ruvani ni Teliya, na sura ya mwisho ni harusi yao.

Kanana alikuwa ameniambia kwenye simu, “Mum, usilete watu kabla hujamaliza kusoma. Please. Na siku hiyo nitakuomba uongee kidogo, kama mzazi.” Sasa nimemwelewa. Na Jackie anayeishi naye, ambaye mimi humwita roommate, ambaye amekula Krismasi mezani kwangu, huyo pia sasa nimemwelewa, ingawa kwa kweli nadhani moyoni nilishajua. Ninayemwogopa kuliko wote ni mwenyekiti wetu, Mama Wacuka. Aliviazima vile vitatu, na kila tukikutana ananiuliza kama hawa wawili wataishia pamoja, akiapa kwamba wakitenganishwa atamwandikia Kanana barua kali. Atasema nini akijua? Dada yangu wa Fort Worth amenishauri niseme nimepangiwa zamu, vani isiondoke, yaishe. Niende au nisiende?

Mama Kanana, Cedar Hill

BI YUMNA ANAJIBU:

Mama Kanana, kwanza hongera. Umezaa, umelea, na sasa umefunzwa na uliyemzaa. Si kila mzazi hupata yote hayo.

Sasa acha nikuseme. Barua yako nimeirudia nikiitafuta aibu, sikuiona. Nilichokiona ni mama anayejisifia mwanawe, na kunihadithia kitabu mpaka karibu sina haja ya kukinunua. Wewe huulizi uende au usiende. Unataka mtu mzima akwambie nenda. Haya, nenda.

Hiyo zamu ya uongo itoe kichwani. Kanana alikuwa nawe ndani ya nyumba ile na sauti yako anaijua. Utadanganya ushirika mzima, yeye hutamdanganya. Ametumia miaka kufika kwenye ukurasa ule. Usiwe wewe wa kumrudisha nyuma.

Kwa Mama Wacuka nimecheka peke yangu jikoni. Mwanamke aliyesoma vitabu vitatu vinene, na anayeapa kuleta vita wapendanao wakitenganishwa, unadhani hajui anachosoma? Mwenye macho haambiwi tazama. Wa mwisho kujua ulikuwa wewe, mwenzangu.

Lakini wote si Mama Wacuka. Kwa hiyo waite kabla ya Jumamosi, uwaambie wazi kwamba kitabu kinaisha kwa harusi ya wanawake wawili, na kwamba mwanao anaishi na mpenzi wake Jackie. Ila hilo la pili ni lake, si lako kulitangaza, basi kwanza mwombe Kanana ruhusa ya kulisema. Anayetaka kuja aje, anayebaki abaki na kitenge chake bila ugomvi. Asiingie mtu ukumbini kushtukia mambo mbele ya mwanao, kwa sababu uso wa mgeni aliyeshtuka unaumiza kuliko kiti kitupu. Mkibaki watatu, nendeni watatu kwa gari lako. Mambo ya ibada zungumza na mchungaji wako. Mimi ni Mwislamu wa Mombasa, kwetu nako ni mazito, na sitajidai kuyamaliza hapa gazetini. Ila sijaona dini inayomtuma mama amkimbie mwanawe siku ya furaha yake.

Leo hii mpigie Kanana. Mwambie umemaliza. Mwambie ulivyolia garini ulipofika kwenye dawa iliyokataliwa, kisha mtaje baba yake, kwa jina. Mtoto ameandika vitabu vinne akingojea mlizungumze jambo moja. Na Jackie mwite Jackie. Neno roommate sitaki kulisikia tena.

Ukipewa nafasi ya kusema, usihubiri wala usiombe radhi kwa niaba ya mtu. Sema jina lako, sema huyu ni mwanangu, sema nimevisoma vyote mpaka mwisho. Machozi yakikuzidi, simama hapohapo ulie, usikimbilie kiti. Watu watakuwa wamekuja kumwona mwandishi. Wacha wamwone na mama yake.