Punguza MTU

Jumatatu, 2 Machi 2009

Nakala za Bungoma zimekwama tena! Kila jioni kompyuta yangu hapa Kitale huvuta ramani za mashamba ambazo wenzetu huko wamepiga skani. Barua fupi zinapita. Ramani zinafika asilimia nne, basi — kimya.

Nelima, karani wa skana wa huko Bungoma, ameapa hajagusa waya. Mimi nimemwambia Bwana Gicheru, mkubwa wetu, kwamba huyo dada anazima mashine mapema aende nyumbani. Nilikuwa na hasira. Na njaa.

Jumanne, 3 Machi

Gicheru hana raha. Ramani za Naitiri zikipotea, wapimaji watarudi shambani kuanza upya. Amesema nimletee sababu au nimletee jina.

Nimempigia Nelima tukajaribu pamoja asubuhi nzima. Ana subira, lazima niseme. Ati, "Madam, faili ndogo inaenda. Kubwa inarala." Inarala! Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Faili ikisafiri hukatwa vipande, ndizo pakiti. Labda vipande vyenyewe ni vikubwa mno.

Jumatano, 4 Machi

Nimeipata!

Nimetuma pakiti za kila ukubwa. Ya 1400 inapita. Ya 1500 inamezwa njiani bila hata samahani, kama gunia lililoshinda mlango. Kipimo cha juu cha pakiti kinaitwa MTU, na yetu ilikuwa 1500. Nimeishusha hapa kwangu. Kisha nimemtumia Wabwile, meneja wa Bungoma, meseji ili naye ashushe kwa ruta yake, kile kisanduku kinachopitisha mtandao. Nilikuwa na haraka, nikaandika fupi: SHIDA NI MTU. PUNGUZA MTU BUNGOMA 1400.

Saa nane na dakika mbili akajibu: SAWA. IMETEKELEZWA.

Alhamisi, 5 Machi

Ramani zote zimefika. Zote! Nimejinunulia mandazi matatu.

Ijumaa, 6 Machi

Leo nilimpigia Nelima nimpe habari njema na kumwomba radhi. Kumbe yuko kwao Chwele. Ati Jumatano Wabwile alimwita akamsomea meseji yangu: amri ya Kitale, mtu apunguzwe, awe nje saa nane kamili.

Wabwile alikuwa askari jela. Kwake 1400 ni saa. Ruta hakuigusa; kushusha kwangu tu kulitosha. Na ofisi ile ina watu wawili tu, yeye na Nelima. Angejipunguza mwenyewe?

MTU. Mtu. Mungu wangu, nilishindwa nini kuongeza neno "ruta"? Nelima hakulia. Aliniuliza tu, "Madam, nirikukosea nini?" Sijaweza kula.

Jumatatu, 9 Machi

Nimemweleza Gicheru. Hataki kusikia! Anasema tangu Nelima aondoke ramani zinafika, na si ni mimi niliyesema anazima mashine? Nimebishana hadi sauti imekauka. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu.

Amekubali jambo moja: kesho aje aone kwa macho yake.

Jumanne, 10 Machi

Gicheru alikuja saa tatu, akaketi kando yangu. Nikairudisha MTU kuwa 1500 mbele yake. Nikavuta ramani moja ya Naitiri. Asilimia nne — ikasimama. Tukangoja, yeye akigongagonga meza kwa kalamu. Nikashusha hadi 1400, nikavuta tena, ikaja yote. Nikarudia mara mbili asije akasema ni bahati.

Akavua miwani. "Kumbe si yule msichana."

Nilitaka kuruka! Lakini hakuinuka. Akasema Wabwile alishaweka mpwa wake, Ian, kwa kiti cha Nelima. Ameanza jana, tena ameacha kazi yake Lwakhakha kwa ajili ya hii. Hajakosea lolote. Na nafasi ni moja.

"Sasa Nduta," akasema, taratibu, bila ukali, "si wewe ndiye fundi? Niambie nimpunguze nani."

Ameingia ofisini kwake, anataka jibu kabla ya chakula cha mchana.

Nelima amefika, nilimwita jana. Ametoka Chwele alfajiri, yuko kwa benchi nje ya mlango wangu, bahasha ya vyeti mapajani. Nimechungulia nikamwambia angoje dakika mbili. Akatabasamu.

Imepita nusu saa. Bado naandika.